Usufi Masikioni, Sultani Roshanini

Hapo zamani, zama ambazo hadithi ilikuwa haijatiwa ndani ya kioo cha kushika mkononi, bali ilitoka kinywani mwa mtu na mtu huyo ilibidi apewe maji ya kunywa, palikuwa na mji ukiitwa Rasimbi, na mtawala wake alikuwa Sultani Hamdun bin Nasibu. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema, maana baadaye mtamkasirikia.

Sultani huyu alipenda hadithi kuliko wali. Basi akajenga ukumbi mkubwa mbele ya jumba lake, akatandika mikeka, akamleta mtambaji hodari aitwaye Badi, akatangaza kwamba kila siku baada ya sala ya alasiri mtu yeyote, mwenye viatu na asiye na viatu, aje asikilize bure mpaka karibu na magharibi. Yeye mwenyewe alikuwa akisikiliza kutoka roshanini, juu, penye upepo. Watu wakaja kwa wingi, hata mikeka ikawa haitoshi, wengine wakawa wanakalia kandambili zao.

Badi alikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa waliomfunza kazi. Kila akipumzika, hata akinywa maji funda moja tu, haendelei mpaka aulize, "Mpo?" na wote waitike, "Tupo!" Hata Sultani ilimpasa aitike, ila kwa kuwa ni Sultani, mtumishi wake alimwitikia kwa sauti kubwa kutoka juu, "Na Bwana yupo!" Na asipoitikiwa na wote, Badi hukaa kimya akahesabu tasbihi yake. "Hadithi yangu haimwachi mtu njiani," alikuwa akisema, na hakuna aliyewahi kumshawishi vingine.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtu mmoja, jina lake Machano, mshona mito. Kazi yake ilikuwa kujaza usufi ndani ya mito ya watu wengine, naye mwenyewe alilalia mkono wake. Machano alikuwa na mama yake, Bi Mize, ambaye miguu ilimkataa tangu mwaka wa mvua nyingi, akawa hatoki kitandani. Basi kila siku Machano alikwenda ukumbini, akaikusanya hadithi ya siku ile, akaipeleka nyumbani, akamsimulia mama yake neno kwa neno, naye mama akiitika "Nipo" kila alipoulizwa, kama yuko ukumbini na wenzake. Furaha ya bibi yule kwa siku nzima ilikuwa hiyo tu, na Machano alilijua hilo.

Ikawa mambo yanakwenda vizuri, mpaka Waziri Makame akapata wazo. Mawaziri wa hekaya hawakosi wazo, na mimi sijapata kuona lililomfaa maskini. Akamwambia Sultani, "Bwana wangu, umri wako uwe mrefu. Badi anakula, maji yanatekwa, mikeka inachakaa, na watu hawatoi kitu. Lakini wafanyabiashara wako tayari kuutunza ukumbi huu, mradi wapiga mbiu wao waruhusiwe kusimama na kusifu bidhaa kabla hadithi haijaanza."

Sultani akasema, "Mbiu moja haimuui mtu."

Kweli, mbiu moja haikumuua mtu. Akasimama mpiga mbiu wa Bwana Suwedi, muuza haluwa, akaisifu haluwa yake, watu wakacheka, hadithi ikaanza. Wiki ya pili zikawa mbiu mbili. Wiki ya tatu Waziri akagundua kwamba watu husikiliza vizuri zaidi pale wanapotaka sana kujua kitakachofuata, basi mbiu zikahamia katikati. Upanga ukiinuliwa, anasimama muuza mafuta ya uto. Mke akimfungulia mumewe aliyepotea miaka saba, anasimama muuza makubazi. Mwezi haujaisha, wapiga mbiu walikuwa kumi na mmoja, na watano kati yao walikuwa na pembe.

Na Sultani je? Sultani hakuona ubaya wowote. Kwani kila mpiga mbiu aliposimama, mtumishi wa roshanini aliyafunga madirisha ili kelele zisimuudhi Bwana, na mbiu zikiisha aliyafungua. Ikawa Sultani wa Rasimbi ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa akisikia hadithi nzima.

Siku zile Badi alikuwa anasimulia habari za mfinyanzi aliyeshuka kisimani kwa kamba kumtafuta dada yake. Machano akarudi nyumbani, mama yake akamwuliza, "Mfinyanzi katoka kisimani?"

"Bado, mama. Lakini makubazi ya Bwana Kiwaa ni ya ngozi ya mbuzi, na ukinunua jozi mbili unaongezewa kamba."

Bi Mize akamwambia, "Mwanangu, miguu yangu haitembei, wewe unaniletea makubazi? Nimekutuma hadithi."

"Mama, nimejaribu. Kila nikishika neno la Badi, linaingia la Kiwaa linalisukuma nje."

Bibi akageukia ukutani, akasema polepole, "Basi usijisumbue kwenda kesho. Nitamwacha mfinyanzi kisimani humo humo, mimi si wa kwanza kukosa mwisho wa hadithi." Maneno hayo yalimchoma Machano.

Asubuhi akachukua usufi, akaufinyanga vitonge vidogo vidogo, akavitia katika mfuko. Alasiri ilipofika alikaa ukumbini mahali pake, na mpiga mbiu wa kwanza aliposimama, Machano akaziba masikio. Akamtazama Badi; Badi alipoiweka chini tasbihi yake, jambo lililokuwa ishara ya kurudi katika hadithi, akauchomoa usufi. Siku ile alimpelekea mama yake hadithi kavu, isiyo na haluwa wala mafuta. Bi Mize akaitika "Nipo" mara tisa.

Jirani akauona ujanja ule, akaomba vitonge viwili. Jirani wa jirani naye akaomba. Baada ya siku nne ukumbi mzima ulikuwa na usufi masikioni, na wapiga mbiu wakawa wanapiga kelele mbele ya watu mia tatu wenye nyuso za upole kabisa. Bwana Kiwaa akasema kwamba hajawahi kuona watu wakimsikiliza kwa utulivu namna ile, na makubazi hayanunuliwi.

Habari zikamfikia Waziri. Akaweka askari mlangoni wakague masikio. Watu wakaficha usufi ndani ya vilemba. Askari wakakagua vilemba. Wanawake wakaufuma katika pindo za ukaya waliojitanda kichwani. Askari wakaogopa kukagua ukaya, na mimi siwalaumu. Mwisho Waziri akamkamata Machano mwenyewe, akampeleka mbele ya Sultani.

Sultani akamwambia, "Ewe Machano, hadithi ninakupa bure. Kwa nini unanifungia masikio?"

Machano akasema, "Bwana wangu, hadithi naifungulia. Naifungia haluwa."

"Haluwa hiyo ndiyo inayomlisha Badi. Umelifikiri hilo?"

Machano hilo hakuwa amelifikiri, na mimi nampenda kwa kuwa hakujidai kwamba amelifikiri. Akasema, "Hilo ni kweli, Bwana wangu. Badi ana tumbo. Lakini mama yangu naye ana siku chache, na mfinyanzi yuko kisimani mwezi wa pili sasa."

Waziri akadakia, "Bwana wangu, mtu huyu anajua hila zote za masikio. Mfanye yeye awe mlinzi wa masikio hayo. Mwamuru ahakikishe kwamba kila asikiaye hadithi amesikia kila mbiu mpaka neno la mwisho. Sikio moja likikosa, atoke mjini kabla jua halijachwa, asirudi tena."

Waziri alijua kwamba jambo hilo haliwezekani. Katika watu mia tatu, daima yuko anayesinzia, yuko anayenyonyesha, yuko anayemsengenya wifi yake. Lakini Sultani akaliona wazo zuri, akasema, "Na iwe hivyo. Anza kesho."

Machano akainama. "Kila sikio, Bwana wangu?"

"Kila sikio lisikialo hadithi."

"Na chochote kizibacho sikio, nikiondoe?"

"Ukiondoe, kiwe usufi, kiwe kitambaa, kiwe nini. Neno langu halina kiraka."

"Basi naomba karani aliandike, nisije nikalisahau."

Karani akaliandika, Sultani akatia muhuri. Machano akaenda nyumbani, akamweleza mama yake kila kitu. Bi Mize akashika mkono wa mwanawe, akasema, "Ukifukuzwa mji huu, ni nani atakayenigeuza kitandani?" Machano akamwambia asiogope, lakini mwenyewe aliogopa, akakesha akishona mto usiokuwa wa mtu yeyote.

Siku ya pili, ukumbi ukajaa. Badi akaanza, "Mfinyanzi akaishika kamba," akanywa maji, na hapo hapo akasimama mpiga mbiu wa haluwa. Akatangaza kwamba haluwa ya Bwana Suwedi ina samli, lozi, iliki, zafarani na maji ya waridi, na kwamba hupikwa kwa kuni za mkarafuu. Alipomaliza, wa makubazi akainuka. Machano akainua mkono.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu. Nina amri ya Bwana." Akamwendea bibi mmoja wa mstari wa mbele, Bi Tatu. "Bibi, haluwa ya Bwana Suwedi ina nini?"

"Ina sukari," akasema Bi Tatu.

"Na nini tena?"

"Mwanangu, mimi meno ya haluwa niliyaacha kwa mume wangu wa kwanza. Ningejuaje?"

Machano akamgeukia mpiga mbiu. "Sikio limekosa. Rudia, tafadhali." Mpiga mbiu akarudia. Machano akamwuliza mtu wa pili. Huyo alijua samli na lozi, lakini penye iliki alikuwa amepiga chafya. "Rudia, tafadhali." Mpiga mbiu akarudia. Wa tatu alijua vyote ila kuni. Wa nne alikuwa ni kiziwi wa sikio la kushoto, ikabidi mpiga mbiu azunguke upande wa kulia. Watu wakaanza kuufurahia mchezo, mtu akiulizwa habari ya zafarani anajikuna kichwa, anatazama dari, anasema, "Ilikuwa mwishoni mwa ulimi."

Badi kila mara akauliza, "Mpo?" na Machano akajibu, "Bado hatujakamilika, mwalimu," naye Badi, kwa desturi yake, akarudi katika tasbihi. Mpiga mbiu wa haluwa alitangaza mara ishirini na saba, mpaka sauti ikamkauka akawa anaonyesha lozi kwa vidole. Bwana Suwedi mwenyewe, aliyekuwa amekuja kuona fedha yake inafanya kazi gani, akatoka nje akasema kwamba hataki kusikia jina la haluwa mpaka Ijumaa.

Jua likaanza kushuka. Madirisha ya roshani yakafunguliwa, Sultani akatoa kichwa. "Kuna nini huko? Tangu alasiri sijasikia ila mfinyanzi kaishika kamba. Kaishika, kisha?"

Machano akapanda ngazi, amri mkononi, akapiga magoti. "Bwana wangu, chini wote wamekamilika. Yamebaki masikio mawili tu. Niwie radhi. Haluwa ya Bwana Suwedi ina nini?"

Sultani akamtazama. "Haluwa gani?"

"Ile iliyotangazwa leo mara ishirini na saba."

"Sikuisikia. Madirisha yalikuwa yamefungwa."

Machano akaikunja ile karatasi, akaiweka miguuni pa Sultani. "Basi, Bwana wangu, nimeshindwa. Sikio lisikialo hadithi limekosa mbiu, na amri inatosheka na sikio moja. Jua halijachwa. Naomba ruhusa niende nikamuage mama yangu."

Hakuwa anafanya mzaha. Mtumishi wa madirisha akatazama pembeni.

Waziri akasema upesi, "Bwana wangu, madirisha si usufi!"

Lakini Sultani alikuwa anaisoma karatasi, na muhuri uliokuwapo chini ulikuwa wake. Akaisoma mara mbili. Kwa hakika alikuwa mtu mwema, na tena alikuwa na kiburi cha neno lake, na siku ile vyote viwili vilimfaa Machano. Akasema, "Nimesema chochote kizibacho. Yang'oeni madirisha. Machano atakaa hapa roshanini, aulize masikio yangu kama anavyouliza ya watu wote. Hesabu inaanza upya kesho."

Basi mafundi wakayang'oa madirisha. Kesho yake Sultani akasikia, kwa mara ya kwanza, mbiu zote kumi na moja na pembe zote tano. Mbiu ya kwanza alitabasamu. Ya nne alijifuta uso. Ya saba ilipoingia, mfinyanzi alikuwa amefika nusu ya kisima na kamba imeanza kukatika uzi mmoja mmoja, na Sultani akashika ukingo wa roshani kwa mikono miwili, na ndipo mtu akasimama kuuza mafagio.

"Fagio la nini saa hizi?" akasema Sultani.

"La uani na la ukumbini, Bwana wangu," akasema Machano, "na ukinunua matatu unapewa la nne. Nitakuuliza, tafadhali likumbuke."

Siku ya pili Sultani alilikumbuka fagio lakini akasahau bei ya uto, akarudiwa mara nne. Mchana wa siku ya tatu, mkewe alisikika akiwauliza wajakazi kwa nini Bwana anazungumza habari za iliki katika usingizi wa adhuhuri. Alasiri ya siku hiyo, Badi akaipandisha hadithi mpaka mahali ambapo mfinyanzi anasikia sauti ya dada yake gizani, ukumbi wote ukanyamaza hata wachanga, na mpiga mbiu wa makubazi akajikohoza, akainua pembe yake.

Sultani akainama upande wa Machano. Akasema kwa sauti ya chini sana, bila kumtazama, "Machano. Umebakiwa na usufi?"

"Ninao, Bwana wangu. Vitonge viwili, vipya."

"Nipe."

"Siwezi, Bwana wangu. Nikikupa, sikio litakosa mbiu, nami nitatolewa mjini, na mama yangu hana mwingine wa kumgeuza wala wa kumpelekea hadithi. Neno lako halina kiraka."

Pembe ikalia mara ya kwanza, ikalia mara ya pili, na hapo Sultani Hamdun akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka kichwani, kikaanguka kutoka roshanini, kikamfunika mpiga mbiu wa makubazi kichwa na pembe. Ukumbi wote ukacheka naye, isipokuwa Waziri, ambaye alikuwa anahesabu hasara.

Sultani akasema, "Enyi watu, sikieni. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mbao za madirisha nikiwalaumu wenye usufi. Kuanzia leo mbiu itakuwa moja, nayo itapigwa watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Wafanyabiashara watapeana zamu. Ikianza hadithi, hakuna atakayesimama mpaka iishe. Na Machano, wewe hiyo moja utaisikiliza bila usufi, maana Badi ana tumbo."

"Nitaisikiliza, Bwana wangu, na haluwa nitaionja."

"Nawe unataka nini? Omba."

Machano hakuomba dhahabu wala nyumba. Akasema, "Mwisho wa mfinyanzi usisimuliwe hapa kwanza. Badi aje amsimulie mama yangu. Amengoja sana."

Basi asubuhi yake Badi akaenda katika chumba cha Bi Mize, akaketi kwenye kigoda, na nje ya mlango ukasikika mvumo wa watu. Alikuwa Sultani. Hakuweza kungoja mpaka alasiri. Akamwacha mtumishi wake uani, akaingia, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, akakaa kizingitini.

Badi akasimulia. Kamba ikakatika, mfinyanzi akaanguka majini, akazishika nywele za mtu. Hapo Badi, kwa mazoea ya miezi miwili, akanyamaza. Chumba kizima kikangoja. Kuku akapita mlangoni.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Bi Mize.

Badi akaona haya. "Hapa, bibi, ndipo huinuka wa makubazi."

"Basi haraka, aseme. Jozi mbili na kamba, nayajua." Machano akacheka mpaka akapaliwa, na Badi akanywa maji funda moja, akauliza kama ilivyo desturi, "Mpo?"

"Nipo," akasema Bi Mize.

"Nipo," akasema Machano.

Kizingitini kimya. Sultani alikuwa anangoja mtumishi amwitikie, na mtumishi alikuwa uani. Badi akachukua tasbihi yake. Bi Mize akageuza kichwa taratibu juu ya mto, mto mpya ambao mwanawe aliushona usiku ule wa hofu, akatazama mlangoni.

"Na huyo mgeni," akasema, "hana ulimi?"

Sultani wa Rasimbi akavua kilemba, akakiweka magotini.

"Nipo, mama," akasema. "Endelea, Badi."

Na mfinyanzi akatoka kisimani na dada yake, wote wawili wameloa, wanagombana ni nani aliyechelewa. Hekaya yangu imekoma hapo, nami sikuwauzia kitu katikati yake.